Sauti Inaita, Watu Hawafuati: Utatuzi wa Matatizo ya Sauti Elekezi Barabarani, Vituoni na Vivukoni

Mwongozo huu unawahusu wasimamizi wa vituo, mafundi wa sauti na maofisa wa barabara wanaotunza vifaa vinavyomwongoza mtembea kwa miguu kwa sauti: vitufe vyenye mlio kwenye vivuko vya barabara, kengele na matangazo ya vituo vya mabasi na treni, na ving'ora vya malango ya pantoni. Malalamiko kuhusu vifaa hivi hufika karibu yote kwa sentensi moja, yaani, "Ongezeni sauti." Mara nyingi hilo ndilo jambo la mwisho linalopaswa kufanywa, na si ajabu likazidisha tatizo lililoletwa.

Kabla ya kugusa chochote ni vyema kutenganisha kazi mbili. Sauti ya mahali humwambia mtu kitufe, lango au ngazi iko wapi, nayo hulia muda wote. Sauti ya ruhusa humwambia kwamba wakati wake wa kupita umefika, nayo hulia kwa muda mfupi tu. Hitilafu nyingi zilizoelezwa hapa chini huanza pale kazi hizo mbili zinapochanganywa.

Onyo la kwanza. Ikiwa sauti ya ruhusa inalia wakati taa ya waenda kwa miguu ni nyekundu, usianze uchunguzi wowote. Sauti hiyo izimwe mara moja, awekwe mtu wa kusimama pale kivukoni, na aitwe fundi wa mitambo ya taa. Asiyeona akifika kwenye kivuko kilicho kimya atasikiliza mwendo wa magari au ataomba mkono wa mtu; akifika kwenye kivuko kinachosema uongo, ataingia barabarani.

Dalili: Sauti haisikiki, au inasikika ukiwa chini ya nguzo tu

Anza kwa kujiuliza kama kweli kuna hitilafu. Sauti ya mahali haikukusudiwa kuvuma mtaa mzima. Mwongozo wa kitaifa wa alama na taa za barabarani wa Marekani, kwa mfano, unataka isikike umbali wa takriban mita 2 hadi 4 kutoka kwenye kitufe, au hadi kwenye ukuta wa jengo la karibu, na ilie mara moja kila sekunde. Anayelalamika kwamba hausikii mlio akiwa ng'ambo ya barabara analalamikia kifaa kinachofanya kazi yake sawasawa.

Ikiwa haisikiki hata kwa umbali huo, sababu ya kwanza ni kuziba. Tazama tundu la spika kwa macho kabla ya kufungua skrubu yoyote. Kwenye nguzo za miji yetu utakuta kisanduku kimebandikwa karatasi ya mganga juu ya karatasi ya mkutano wa injili juu ya karatasi ya chumba cha kupanga, na chini ya tabaka zote hizo spika inalia peke yake. Kwenye spika za tarumbeta zinazotazama pembeni, nyigu wajengao kwa udongo hupenda kujaza koo la tarumbeta. Ukigonga kidogo kwa kidole na ukasikia mchanga ukibingirika ndani, umeshapata jibu. Safisha kwa brashi laini. Usichokonoe kwa waya, kwa sababu utando wa spika uko nyuma tu ya hapo.

Sababu ya pili ni maikrofoni ndogo ya kupima kelele. Vifaa vingi vya kisasa husikiliza kelele za mahali na kujipandisha au kujishusha vyenyewe, kwa kawaida visizidi desibeli 5 juu ya kelele iliyopo. Maikrofoni hiyo ikizibwa na vumbi au rangi, kifaa huamini kwamba ni usiku wa manane na kunong'ona saa moja asubuhi katikati ya honi za bodaboda. Kipimo chake ni rahisi: piga makofi au washa injini karibu na kisanduku, kisha sikiliza kama mlio unapanda baada ya muda mfupi.

Sababu ya tatu ni umbali wenyewe. Mahali pa wazi sauti hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka maradufu. Spika yenye desibeli 80 kwa mita 1 hufika na 74 kwa mita 2, 68 kwa mita 4, 62 kwa mita 8, na kwa mita 16 imebaki 56, ambayo imeshamezwa na mngurumo wa barabara yenye malori. Anayejaribu kuwafikia watu wa mita 16 kwa kupandisha sauti atawaumiza masikio waliosimama mita 1. Dawa ni kuongeza spika ndogo mahali watu walipo.

Mwisho ni waya. Ukanda wa pwani una chumvi hewani, na viungio vya shaba hugeuka kijani ndani ya msimu mmoja vikiachwa wazi. Kwenye mifumo ya matangazo ya laini ya volti 100, hakikisha pia kwamba waya wa kila spika umefungwa kwenye kiwango sahihi cha wati cha transfoma yake. Spika iliyowekwa kwenye kiwango cha chini kabisa hulia bila kasoro yoyote, ila kwa unyonge.

Simama na umwite fundi umeme mwenye leseni ukikuta maji ndani ya kisanduku, harufu ya kuungua, au ikiwa kifaa kilinyamaza baada ya radi. Kabati la kuongozea taa za barabarani lisifunguliwe na mtu yeyote asiyetumwa na mamlaka inayomiliki barabara hiyo, hata kama kufuli imevunjika na mlango uko wazi.

Dalili: Sauti inasikika vizuri, lakini haijulikani inatokea wapi

Hii ndiyo dalili inayopuuzwa zaidi, kwa kuwa anayeona haitambui: macho yake humwonyesha nguzo kabla masikio hayajafanya kazi. Mzee mmoja mwenye fimbo nyeupe, nilipomuuliza kwenye kituo kimoja cha mabasi kama anaisikia kengele ya mlangoni, alinijibu, "Mwanangu, naisikia sana. Tatizo ni kwamba iko kila mahali." Wakati huo kengele ilikuwa mita chache tu mbele yake, juu kidogo kuliko kichwa, naye alikuwa ameelekea ukutani.

Sababu iliyo kubwa kuliko zote ni aina ya mlio. Mtu hutambua upande wa sauti kwa njia mbili: kwa sauti nzito, hasa zilizo chini ya takriban hetsi (mitetemo kwa sekunde) 1,500, ubongo hulinganisha tofauti ya muda kati ya sikio la kulia na la kushoto; kwa sauti nyembamba za juu, hulinganisha tofauti ya nguvu, kwani kichwa hukinga upande mmoja. Mlio mmoja safi usiobadilika, ule wa "piiiii" unaopendwa na watengenezaji wa vifaa vya bei nafuu, huunyima ubongo njia hizo, na ukiangukia kati ya hetsi 1,500 na 3,000 hali huwa mbaya zaidi. Mlio wenye sauti nyingi, nzito na nyembamba, kwa pamoja, unaoanza ghafla na kukatika, kama mgongano wa vijiti au mvumo wa "shhh" uliokatwakatwa, hutambulika upande wake haraka. Deborah Withington wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, alijenga juu ya jambo hili vifaa vya sauti vya kuwaongoza watu kwenye milango ya kutokea moshi unapoziba macho.

Kipimo chake hakihitaji kifaa. Mfunge mwenzako macho, mzungushe taratibu, kisha mwombe anyooshe kidole kuelekea sauti. Rudia mahali mbalimbali, na asiwe mtu anayekijua kituo. Kidole kikikosea mara kwa mara wakati sauti inasikika wazi, badilisha mlio kabla ya kubadilisha spika. Kwenye vifaa vingi ni suala la kuchagua sauti nyingine kwenye programu ya kifaa.

Sababu ya pili ni spika mbili zinazolia pamoja. Sikio huamini sauti iliyotangulia kufika, na sauti husafiri mita 1 kwa takriban milisekunde 3, hivyo anayetembea kati ya spika mbili huona chanzo cha sauti kikiruka kutoka upande mmoja hadi mwingine kila anaposogea hatua mbili. Japani wameitatua hali hii kwenye vivuko vingi kwa kupokezana: mlio unatoka upande huu, kisha unajibiwa upande wa pili, ili anayevuka apate kitu cha kukifuata mbele na kitu cha kukiacha nyuma. Mwenyeji wa Lamu au Mji Mkongwe hataona ugeni hapo, kwani adhana za misikiti iliyokaribiana hazianzi kwa sekunde ile ile wala kwa sauti ya mtu yule yule, na kila mmoja hujua ya msikiti wake inatokea wapi.

Sababu ya tatu ni kuta. Kioo, marumaru na zege hurudisha sauti karibu yote, na kituo kipya kinachong'aa huwa kibaya zaidi kwa masikio kuliko cha zamani chenye mbao. Shusha spika hadi mita 2.5 au 3, ielekeze kwa wapitaji badala ya dari, na punguza sauti. Mwangwi hauondoki, lakini sauti ya moja kwa moja hutangulia na kushinda.

Ya mwisho, ambayo ni adimu lakini huchosha mafundi, ni nyaya zilizogeuzwa: spika mbili za karibu moja ikiwa na chanya mahali pa hasi. Ukisimama katikati yake sauti nzito hupotea na iliyobaki huonekana kutoka ndani ya kichwa chako mwenyewe. Badilisha nyaya za moja tu.

Kumbuka pia kwamba sauti humfikisha mtu karibu, si kwenye inchi ya mwisho. Hatua mbili au tatu za mwisho ni kazi ya miguu na fimbo, na ndiyo maana vigae vya vinundu, ambavyo Seiichi Miyake alivibuni na kuvitandaza mara ya kwanza Okayama, Japani, mwaka 1967, vinapaswa kuanzia pale sauti inapoishia. Kitufe kinacholia kizuri mbele ya mtaro usiofunikwa ni mtego.

Dalili: Watu wanavuka kwa sauti ya kivuko kingine

Hapa ndipo ajali zinapotokea. Kwenye makutano yenye vivuko viwili kwenye kona moja, mtu husikia mlio wa ruhusa wa barabara ya kulia kwake na kuingia kwenye ya kushoto.

Angalia kwanza umbali kati ya nguzo za vitufe. Zikiwa karibu kuliko mita 3, milio miwili inayofanana haitenganishiki, na mwongozo wa Marekani huruhusu katika hali hiyo kutumia maneno yanayotaja jina la barabara badala ya mlio. Kwa Kiswahili tangazo la namna hiyo linapaswa kutanguliza jina: "Barabara ya Uhuru, vuka sasa" ni bora kuliko "Vuka sasa Barabara ya Uhuru," kwa sababu mwenye haraka ataondoka aliposikia "vuka". Hata hivyo kusogeza nguzo ni bora kuliko maneno, kwani maneno humezwa na honi na mgeni wa mji hajui jina la barabara aliyosimama.

Sababu ya pili ni sauti iliyopandishwa mno, mara nyingi na mtu aliyekuwa akitibu dalili ya kwanza.

Ya tatu ni milio iliyochaguliwa vibaya. Marekani ilikuwa na desturi ya kutumia mlio wa ndege kekeo kwa kivuko cha upande mmoja wa dira na wa kifaranga kwa upande mwingine. Mpango huo ulidai mtu akumbuke mlio upi ni wa upande gani na ajue kaskazini iko wapi huku akisikiliza magari, na ndege halisi nao waliigiza pasipo kuombwa. Mwongozo wa kitaifa wa mwaka 2009 ulielekeza badala yake mdundo wa haraka wa mapigo 8 hadi 10 kwa sekunde, utokao kwenye nguzo ya kivuko husika. Kwa maoni yangu hilo ndilo la kufuata: upande utambulike kwa mahali sauti inapotokea, si kwa kukariri ndege.

Barabara pana zenye kisiwa cha katikati zinahitaji uangalifu wa peke yake. Uingereza kwa kawaida haiweki mlio kwenye kivuko kilichogawanywa, ambapo ruhusa ya nusu moja inaweza kudhaniwa ni ya nusu zote mbili. Huweka koni ndogo chini ya kisanduku cha kitufe, ambayo huzunguka ruhusa inapotolewa, na anayevuka huishika kwa vidole. Kwenye barabara zenye njia za mabasi yaendayo haraka katikati, mtu anapovuka mikondo mitatu tofauti, ningependelea koni hiyo au kitufe kinachotetemeka kuliko mlio wowote. Kitufe kinachotetemeka humfaa pia asiyeona na asiyesikia.

Usijaribu kurekebisha dalili hii peke yako ikiwa taa za magari zinaruhusu kukunja kushoto wakati mlio wa ruhusa unalia. Hilo ni suala la mpangilio wa taa na linahitaji mhandisi wa usalama barabarani: Tanzania, TANROADS au TARURA kutegemea barabara ni ya nani, na Kenya, KURA kwa barabara za mijini. Mpaka lipatiwe ufumbuzi, mlio unamwambia mtu tu kwamba zamu yake imefika. Haumwambii kwamba pikipiki zimesimama.

Dalili: Mtu anasimama au kurudi nyuma katikati ya barabara mlio unapokatika

Kwa kawaida mlio wa ruhusa hulia kwa sekunde 7 hivi, kisha hufuata muda wa kumalizia ambapo mtu aliyekwisha kuingia anamalizia kuvuka. Asiyejua hili hudhani muda umekwisha. Barabara ya mita 14 humchukua mtu anayetembea mita 1.07 kwa sekunde, kasi inayotumiwa sana kupanga taa, takriban sekunde 13, kwa hiyo ukimya kumkuta katikati si hitilafu. Anza kwa kuwaeleza watumiaji kupitia vyama vya wasioona na shule. Kisha pandisha sauti ya mahali ya upande wa pili wakati wa kumalizia, ili awe na kitu cha kukifuata. Ikiwa wazee na wenye magongo hawafiki kabisa, muda wenyewe ni mfupi, na urefushaji wake hufanywa na mhandisi wa taa peke yake.

Dalili: Matangazo ya kituoni yanasikika kama ngurumo, maneno hayashikiki

Sikiliza mtangazaji kabla ya kulaumu spika. Mdomo uliogusa maikrofoni, kasi ya mtu aliyechoka kurudia jambo moja tangu alfajiri, na feni inayopuliza nyuma yake huharibu maneno kabla hayajafika kwenye amplifaya. Tangazo lililorekodiwa vizuri kwa utulivu huondoa nusu ya malalamiko.

Kisha angalia mpangilio. Spika chache zenye nguvu zilizowekwa mbali hutoa maneno yanayofika kwa nyakati tofauti. Zikitofautiana kwa mita 17, tofauti ni takriban milisekunde 50, na hapo sikio huanza kusikia neno mara mbili. Fundi anaweza kuzichelewesha kwenye mtambo spika zilizo karibu na msikilizaji ili zilingane na za mbali. Bora zaidi ni spika nyingi ndogo zilizo karibu na watu, kila moja ikisema kwa sauti ya chini. Maneno yawe juu ya kelele kwa desibeli 10 au zaidi. Mvua ikipiga juu ya paa la bati hakuna mfumo wa kawaida utakaoshinda, na siku hiyo kituo kitumie vibao na watu.

Programu ya simu ya kupima desibeli inatosha kulinganisha sehemu na sehemu, haitoshi kutoa uamuzi. Ikiwa mfumo huo huo ndio wa tahadhari ya moto, wito wa mtaalamu si hiari: ufahamikaji wa maneno hupimwa kwa kipimo cha 0 hadi 1, na kwa tahadhari ya dharura kiwango kinachokubalika huanzia 0.5.

Dalili: Kengele ikilia, watu wanakimbia na kusukumana

Kwenye feri ya Likoni na pantoni ya Kigamboni umati husubiri nyuma ya lango, na sauti ya kufungua huwa ni amri ya kukimbia kuliko kutembea. Sababu ya kawaida ni kwamba sauti hutolewa mara moja tu, kwa kuchelewa, na hubeba habari mbaya peke yake: kwamba chombo kinaondoka. Toa tangazo la mapema, taja chombo kinachofuata, na anza kwa walio mbele kabla ya walio nyuma kwa kutumia spika za sehemu tofauti.

Sababu ya pili ni mlio wenyewe kuwa mkali na wa haraka. Vituo vya Shinjuku na Shibuya, Tokyo, vilianza mwaka 1989 kutumia vipande vifupi vya muziki badala ya kengele kali wakati wa treni kuondoka, ingawa abiria waliojifunza kipande hicho nao walianza kukimbia kikianza. Katika maduka, utafiti wa Ronald Milliman wa mwaka 1982 ulionyesha kwamba muziki wa mwendo wa polepole hupunguza kasi ya wateja wanaotembea. Kutumia hali hiyo kwenye ushoroba wa kusubiri inafaa kujaribiwa, lakini isitegemewe kuzuia umati.

Watu wakianza kuinuliwa miguu kwa msongamano, au mtu akianguka, acha matangazo ya kuita mara moja, funga uingiaji wa nyuma na uite polisi na huduma ya kwanza. Sauti haifumui msongamano uliokwisha kushonana.

Dalili: Majirani wanalalamika, au spika imefungwa kwa gundi

Mlio wa mahali unaolia usiku kucha chini ya dirisha la mtu utazibwa, na utakuwa umezibwa kwa wote. Kabla ya kumlaumu aliyeziba, hakiki kwamba kujishusha kwa usiku kumewashwa na maikrofoni ya kelele iko wazi, kisha geuza spika itazame njia badala ya nyumba. Kuzima kabisa kuanzia saa nne usiku kusikubaliwe bila kuwauliza wasioona wanaopita hapo alfajiri. Mbadala unaokubalika ni mlio unaoamshwa na mtu kwa kushikilia kitufe kwa sekunde chache, ukiwa na sauti ya mahali iliyoshushwa hadi mita 2. Nambari ya simu ya msimamizi ibandikwe kwenye nguzo kwa wino usiofutika, pamoja na nukta za breli.